Nilivyoibia Kipimo cha Woga Wangu

Ukipita Njiro au Engutoto, hapa Arusha, ukaona paa limenyooka kama mstari wa rula, mvua ikinyesha halivuji, upepo ukija halipigi kelele, hilo ni langu. Yanayovuja waulize wengine. Shule niliishia darasa la nne. Lakini ilipofika enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa, mabati yakaanza kuuzwa madukani kama chumvi na kila mwenye kiwanja akataka kujenga, wahandisi wenye vyeti walikuwa wananifuata mimi niwaambie kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ikae vipi. Sijisifu, nasema ilivyokuwa. Mji mzima wananiita Fundi Kenchi. Mke wangu, Mama Nuru, ananiita hivyo akikasirika tu.

Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeshikwa na hali hii. Maana nahisi wewe unayesoma umekaa kwenye benchi la hospitali, vidole viwili shingoni, unahesabu mapigo. Toa mkono hapo. Soma kwanza.

Ilianza mwisho wa kiangazi, juu ya nyumba moja Engutoto. Katika kazi yetu ya kupaua kuna jambo ambalo halijaandikwa popote: fundi mkuu ndiye anayetangulia kupanda. Kenchi ya kwanza anaisimamisha yeye, bati la kwanza analipigilia yeye, ndipo wengine wanapanda. Fundi anayebaki chini akinyoosha kidole wanamwona karani, na karani hafuatwi juu ya paa, kwa sababu juu ya paa mtu anaweza kufa. Mimi sikuwahi kubaki chini hata siku moja. Basi siku ile, jua la saa saba, nimepiga msumari wa tatu au wa nne, moyo ukaruka. Ukaruka tena, halafu ukaanza kukimbia peke yake kama ng'ombe aliyekata kamba. Vidole vikafa ganzi. Midomo ganzi. Jasho baridi, na hewa nikivuta haifiki chini. Sikudhani nakufa. Nilijua nakufa.

Loishiye alikuwa kwenye mbao ya pili. Huyu ni msaidizi wangu, Mwarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mtu wa maneno machache. Tulikuwa tumepaua pamoja miaka kumi na moja.

"Bosi, umekula leo?" akaniuliza.

"Shika nyundo," nikamwambia. Nikashuka. Namna nilivyoshuka siikumbuki.

Siku zile hospitali za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa, na mimi nilizimaliza karibu zote. Ya kwanza walinibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye milima milima, daktari akaitazama akacheka. "Mzee, moyo huu ni wa kijana." Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikasirika. Nawajua mafundi wanaokagua paa wakiwa wamesimama barabarani, na huyu nilimwona ni mmoja wao. Nikaenda ya pili, wakapima presha, mkojo, damu. Ya tatu wakapiga picha ya kifua. Yote safi. Nayajua mabenchi ya mji huu. Moja lilikuwa na msumari umechomoza, nikavua kiatu nikaugonga, nesi akanifokea mbele za watu. Nilikuwa siwezi kutulia. Nikikaa nausikia moyo, nikisimama nausikia unabadilika mwendo. Natoka nje, narudi, nauliza kadi yangu imefika wapi. Mama mmoja aliyepakata mtoto mgonjwa akaniambia, "Baba, kaa basi, unatuchosha sisi." Nikakaa. Nikasimama.

Masika yote nilikuwa hivyo. Nilinunua saa yenye mshale wa sekunde, nikawa nahesabu mapigo kanisani wakati wa mahubiri, nahesabu nikinyoa ndevu, nahesabu mtu akinisalimia hata nisijue nimemjibu nini. Kahawa niliacha, maana inaamsha moyo. Pilipili nikaacha. Maji ya moto ya kuoga nikaacha. Kilima cha kutoka mtoni nikakiacha, nikawa nazunguka njia ndefu ya tambarare. Mpira redioni nikazima. Nikaacha hata kucheka sana. Kazini nikawa nabaki chini: leo mgongo, kesho namsubiri mwenye nyumba, keshokutwa nakagua mbao. Loishiye anapanda kwanza, ananitazama tu kutoka juu.

Na chumbani, nikwambie wazi maana hili ndilo nililolificha zaidi, nikaanza kumkwepa mama wa watoto wangu. Mambo yale moyo hukimbia, na mimi nilikuwa sitaki ukimbie kwa sababu yoyote ile. Nikahamia kwenye kochi la sebuleni, nikasema ni mgongo.

Nikakonda. Miaka ile mtu akikonda Arusha hakuna aliyemuuliza anaumwa nini. "Amekanyaga waya," wanasema, wakiwa na maana ya ule ugonjwa uliokuwa unamaliza watu, na wanaanza kukutazama kama aliyekwisha kuagwa. Mwenye duka la mbao pale Kijenge aliacha kunipa mkono. Akawa ananipungia.

Mama Nuru alivumilia hadi Pasaka. Halafu asubuhi moja akaweka chai mezani, akabaki amesimama.

"Fundi Kenchi. Kama kuna mwanamke, niambie. Kama kuna ugonjwa, niambie haraka zaidi."

"Ni moyo."

"Moyo umepimwa mara tatu."

"Hawajui kupima."

"Basi wewe ndiye unayejua kila kitu. Endelea."

Daktari wa hospitali ya nne, mzee mmoja mpole, hakunipima chochote. Aliniandikia kikaratasi niende kwenye zahanati ya misheni siku ya Jumatano, nikamwone mtaalamu wa mambo ya nafsi.

"Unanipeleka kwa vichaa?"

"Nakupeleka kwa anayewaona watu waliochoka kupimwa moyo."

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya kukata masikio, ukungu umeufunika mlima hata ungedhani umehamishwa. Nikamkuta binti mmoja ana koti la sufu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Dokta yuko wapi?"

"Umeshamsalimia."

Huyo ndiye Aikande. Alikuwa amesoma nje mambo ya woga, namna watu wanavyouogopa. Mimi nilidhani woga hausomewi. Akatoa karatasi ya maswali, akaniambia atasoma moja moja na mimi nichague namba. Sifuri ni hapana kabisa, nne ni ndiyo sana. Kwa mfano: moyo wangu ukidunda, nafikiri kuna jambo baya linakuja. Au: nikishindwa kutuliza mawazo, naona kama akili inataka kuniruka. Au: naona aibu kubwa wengine wakiniona natetemeka. Mengi yalikuwa ya mwili, machache ya akili, machache ya watu. Nilikuwa nimechoka kudanganya, nikamjibu kweli. Nne. Nne. Tatu. Nne.

Akajumlisha. "Hamsini na moja, baba. Juu kabisa ingekuwa sitini na nne."

Msomaji, tangu nizaliwe sijawahi kupata hamsini na moja ya kitu chochote. Nikatoka pale kifua mbele. Nilimkuta Loishiye anapanga mabati, nikamwambia, "Kuna mtihani nimefanya pale misheni, nimepata hamsini na moja katika sitini na nne." Akasema hongera. Jumatano iliyofuata ndipo Aikande aliponieleza kwamba namba ikiwa kubwa ndivyo ugonjwa ulivyo mkubwa.

"Kila mtu moyo humwenda mbio," akasema. "Mmoja atasema, nimechoka, ataendelea na safari yake. Mwingine atasema, nakufa. Akishasema nakufa anaogopa, akiogopa moyo unazidi, ukizidi anaona, si nilisema? Karatasi hii haipimi kama wewe ni mwoga. Inapima unaziogopa kiasi gani dalili za woga zenyewe. Wewe huogopi paa, baba. Unaogopa kinachotokea ndani ya shati lako ukiwa juu ya paa."

Maneno yale yalinigusa, lakini dawa yake ilinishinda. Sikupewa hata kidonge. Aliniambia nitafute mwenyewe kile ninachokikimbia: nipande ngazi za ghorofa ya shule jirani mbio hadi moyo udunde, nisimame, nisihesabu, niuache ushuke wenyewe. Nivute hewa kwa mrija wa soda nimeziba pua hadi kifua kibane. Nizunguke mahali pamoja kama pia hadi kichwa kizunguke. Kila siku, nyumbani. Mimi? Mtu mzima, kanisani nakaa kiti cha mbele, nizunguke uani kama mtoto? Mara ya kwanza nilipovuta mrija nilihesabu hadi sita nikautupa kwenye migomba.

Sasa sikiliza kosa langu. Nilipokuwa kijana, kipaimara nilikipata kwa kukariri. Katekisimu yote kichwani, kusoma nababaisha, maana yake sijui nusu, na mchungaji akanisifia mbele ya usharika. Kwa hiyo mimi nilijua maswali yanavyoshindwa. Nikamwomba Aikande nakala ya ile karatasi, nikasema nataka kuitafakari. Nyumbani nikamwita binti yangu Nuru, alikuwa kidato cha pili.

"Nisomee, halafu nikijibu zaidi ya moja unikemee."

"Baba, lakini si unatakiwa useme ukweli?"

"Nani fundi hapa?"

Akanisomea jioni saba. "Moyo wako ukidunda?" "Sifuri." "Ukikosa pumzi?" "Moja." Alitaka niweke moja moja hapa na pale ili isionekane nimeibia. Mtoto ana akili, kaitoa kwangu.

Mwezi wa nane Aikande akanipima tena. Nikamwaga majibu kama ninavyomwaga misumari. Nikapata tano. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, foleni nje ilikuwa inafika getini. "Mazoezi yote ulifanya?" Nikamwambia hadi mrija umechakaa. Akanipa mkono, akaandika kwamba nisirudi ila nikijisikia vibaya, akafunga faili. Nikatoka nimeshinda.

Unaona nilivyojifungia mlango mwenyewe? Mgonjwa nilikuwa yule yule, ila sasa hospitali nzima inaniona nimepona.

Jumatatu yake tulikuwa na nyumba Sokon I. Niliwatangazia watu wangu saba: leo natangulia. Wakasimama wakinitazama. Nikapanda kipandio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Moyo ukaja. Nikajisemea sifuri, sifuri, kama nilivyokariri. Moyo haukuwa umesoma ile karatasi. Miguu ikaanza kutetemeka hata ngazi ikagonga ukuta, taka-taka-taka, na kila mtu anasikia. Nikashuka. Nikageuka nikasema ngazi hii mbovu.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Mmoja wao akamwambia mwenzake kwa sauti ambayo hakuikusudia nisikie, "Mgonjwa sana yule, atutafutie fundi mwingine kabla." Kabla ya nini hakusema. Mwisho wa wiki wawili hawakurudi, na Loishiye akanifuata, amevua kofia.

"Bosi, kuna mtu Sakina ananitaka nikamwongozee kazi."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia nina fundi." Akaikunja kofia. "Lakini bosi, ninaye?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Mama Nuru alikuwa mezani, karatasi ile ya maswali iko mbele yake, imejaa sifuri za kalamu ya Nuru. Mtoto alikuwa amesema yote.

"Umeibia mtihani wa ugonjwa wako mwenyewe?" akaniuliza. Hakupaza sauti. "Sasa zawadi ya kuwa wa kwanza anakupa nani?"

Akaenda akavaa kitenge cha kutokea. "Jumatano tunakwenda wote."

Njia nzima nilitafuta uongo wa kueleza ule uongo. Tulipoingia, Aikande akafungua mdomo anisalimie, nikamkatiza.

"Dokta, nilikuibia. Majibu yale nilikariri. Mazoezi sikufanya hata moja."

Akachezea kifuniko cha kalamu. Nikadhani atanifukuza, na nikaona nastahili kufukuzwa. "Baba, mimi nilipaswa kukupandisha zile ngazi nione kwa macho," akasema. "Sikufanya. Basi tumekosa wawili." Halafu akaniuliza, ukuta nikitaka kujua kama umenyooka natumia nini. Nikamwambia pima maji. Kabla hajaendelea nikamalizia mwenyewe, maana sipendi kufundishwa kazi yangu: "Ukisogeza povu kwa ujanja, ukuta unabaki umepinda na pima maji umeiharibu. Nimeelewa."

Akasoma upya, swali kwa swali, Mama Nuru amekaa pembeni. Nilipofika kwenye lile la aibu ya kuonekana nikitetemeka nikasema mbili.

"Andika nne," mke wangu akasema. "Huyu akijikwaa barabarani analisingizia jiwe."

Ikawa hamsini na tatu. Imepanda. Aikande akauliza vitu gani nimeviacha kwa kuogopa moyo kukimbia. Nikataja kahawa, pilipili, kilima, paa. Nikatazama sakafu. "Na kochi," nikasema. "Ninalala kwenye kochi."

Mama Nuru akageuka taratibu. "Kwa sababu ya moyo?"

"Ukikimbia, naona nakufia pale."

"Miezi yote hiyo mimi nimetafuta mwanamke, nikaambiwa yuko Sakina, nimeuliza mpaka saluni, kumbe ni moyo?" Machozi yakamtoka, halafu akaanza kucheka akijifuta na kitenge, na Aikande akatazama dirishani kwa adabu. "Mwanamke wa Sakina angekumaliza," akasema.

Hapo ndipo nilipoanza kupona, ingawa nilijiona hali imekuwa mbaya zaidi. Mama Nuru akawa msimamizi, na msimamizi yule hana huruma. Saa yangu yenye mshale aliichukua, akaifungia kabatini. Kila asubuhi mrija, dakika moja, halafu mbili. Nilikuwa natoka jasho, nasema nakufa, anajibu, "Kufa kidogo halafu uje unywe kahawa." Tulizunguka uani, mimi nimeshika mgomba, jirani akauliza kama ni maombi. Kilima cha mtoni nilikipanda mbio vuli yote, matope hadi magotini, nafika juu moyo unapasua mbavu, nasimama, natazama, nangoja. Unashuka. Hakuna daktari, hakuna dawa, unashuka wenyewe. Siku ya kwanza nilidhani ni bahati. Siku ya kumi nilianza kuukasirikia huo moyo kwa jinsi ulivyonidanganya. Kochi nililihama kabla ya Krismasi. Hayo mengine hayakuhusu, ila sikufa.

Usidhani ilikwenda moja kwa moja. Kuna Jumapili nilitoka kanisani nusu ya ibada nikakaa nyuma ya ukuta kama mwizi. Kuna wiki sikuvuta mrija hata mara moja, nikagombana na kila mtu ndani ya nyumba. Aikande alinipima tena baada ya mwaka mpya, safari hii baada ya kunipandisha ngazi mbili mbili yeye mwenyewe akiwa nyuma yangu anahema. Nikapata ishirini na mbili. Wako wanaopata chini ya hapo, lakini ishirini na mbili ile ni yangu, hakuna aliyenisomea.

Kiangazi kilipokaza nilimfuata Loishiye. Yule mtu wa Sakina alikuwa hajaacha kumwita. Nikamwambia tuna nyumba ya ghorofa moja, Kijenge, na nitatangulia mimi. "Nitakuwa nyuma yako," akasema.

Siku ile walikuja watano tu, wakakaa juu ya rundo la mbao. Nilipanda. Kwenye kipandio cha nne moyo ukaja kama kawaida yake, bila hodi. Mikono ikatetemeka, ngazi ikagonga ukuta, wote wakasikia. Nikaendelea. Nikaingiza mguu mmoja juu ya mbao ya kenchi, halafu wa pili, nikakaa nimeipanda kama punda, mlima mbele yangu umetoka wote, mji chini. Ganzi ilikuwa imefika kwenye midomo. Loishiye akaja akakaa mbele yangu. Na mimi, mtu ambaye mke wake alisema nalisingizia jiwe, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi chini kwenye mbao:

"Moyo unanienda mbio vibaya sana."

"Hata wangu," Loishiye akasema. "Bosi, si tumepanda ngazi?"

Nikamtazama shingoni. Kweli, mshipa ulikuwa unadunda. Miaka kumi na moja nimepanda na yule mtu, na sikuwahi kumuuliza.

"Huwa unafanyaje?" nikamuuliza.

"Nagonga misumari," akasema, akanipa mkono uliojaa misumari, na wale wa chini wakaanza kupanda.